Windows Server, SharePoint, Google Drive au Nextcloud: ipi rahisi kunyoosha ruhusa za folda zikivurugika?

Wakuu habari. Kila nikikutana na ofisi inayotaka kuhamisha nyaraka zake, maswali yanaanzia kwenye bei na nafasi, hii inatoa giga ngapi, ile tera ngapi. Sawa, ila mimi ndo mtu wa kuitwa mambo yakiharibika, na nikihesabu simu ninazopigiwa kuhusu mafaili, za nafasi kujaa ni chache sana. Nyingi ni mbili tu: "siioni folda yangu" na "huyu kaionaje folda yangu". Zote mbili ukichimba unakuta mzizi ni uleule, ruhusa za kurithi. Kwahiyo humu nalinganisha kwa kigezo hicho kimoja, siku ruhusa zikivurugika, ipi kati ya hizi nne (Windows Server ni seva ya ofisini, SharePoint ya Microsoft na Google Drive ni za mtandaoni, Nextcloud ni ya kufunga kwenye seva yako mwenyewe) itakuambia fasta nani anaona nini na hiyo ruhusa kaipata wapi.

Kwa asiyejua, kurithi ni hivi: ukiweka ruhusa kwenye folda mama, folda na mafaili yaliyomo ndani yanazichukua yenyewe bila wewe kuyagusa. Ni kitu kizuri, bila hicho ungekaa unaweka ruhusa faili kwa faili mpaka kunakucha. Shida inaanza pale mtu anapokata urithi katikati, labda kwa sababu nzuri tu, afu anasahau au anaacha kazi, na hakuna pa kuandika kwamba hapa nimekata na sababu ni hii.

Niseme kabisa kwanini nalipa hili uzito. Miaka kadhaa nyuma niliitwa ofisi moja, dada wa uhasibu haoni folda ya hati za malipo. Nikaingia kwenye seva, nikakuta folda kibao zimekatwa urithi, kila moja na orodha yake, nikaona dawa ni moja, nikapanda folda ya juu kabisa nikaweka tiki pale palipoandikwa "Replace all child object permission entries" nikabonyeza OK. Dada akaiona folda yake, akashukuru, nikaondoka. Sasa ndani ya ile folda ya juu kulikuwa na folda ya mishahara ambayo aliyenitangulia aliikata urithi makusudi, na ile tiki ikaurudisha urithi, ruhusa zake za pekee zikafutika zote, na grupu la wafanyakazi wote likaingia. Kufika mchana watu wameshajua mwenzao analipwa shilingi ngapi, na kulikuwa na wawili wa meza moja ambao wiki nzima hawakusalimiana. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo mfumo wowote wa nyaraka naupima kwanza kwa jinsi unavyojibu swali la "hii ruhusa imetoka wapi", mengine baadaye.

Mtu anasema haoni folda

Tuanze na Windows Server, ile seva ya ofisini yenye diski D na folda za idara. Hii ndo ina maelezo mengi kuliko zote na pia ndo ina sababu nyingi kuliko zote. Kuna ruhusa mbili zinazokaa juu ya folda moja, ile ya kushea kwenye mtandao na ile ya NTFS ya kwenye diski, na mtu akipitia mtandao anapata ile inayobana zaidi kati ya hizo mbili. Unaweza ukampa mtu kila kitu kwenye diski lakini kama kwenye shea ni kusoma tu basi atasoma tu, hatahifadhi kitu. Halafu kuna la grupu: umemwongeza mtu kwenye grupu la Uhasibu sasa hivi, anajaribu, bado anakataliwa, unaanza kuhangaika na folda wakati kinachotakiwa ni yeye atoke kwenye kompyuta aingie upya, maana uanachama wa magrupu unasomwa pale anapoingia. Hili naomba lijaribiwe kabla ya kugusa chochote, limeniokolea masaa.

Baada ya hapo fungua dirisha jeusi (Command Prompt), andika icacls, amri ya kuonyesha na kubadili ruhusa za NTFS, ikifuatiwa na njia ya folda. Utapata kitu kama hiki:

OFISI\Uhasibu:(OI)(CI)(M)
OFISI\Wafanyakazi:(I)(OI)(CI)(RX)

Angalia ile (I) ya mstari wa pili. Maana yake hiyo ruhusa imerithiwa kutoka juu. Mstari wa kwanza hauna (I), kwahiyo mtu kaiweka hapo hapo kwa mkono. (OI) ni kwamba itashuka kwenye mafaili, (CI) itashuka kwenye folda, M ni kusoma, kuandika na kufuta, RX ni kusoma na kufungua tu. Ukishajua kusoma hivi vialama umemaliza nusu ya kazi. Ukikuta folda ambayo mistari yote haina (I), mara nyingi hapo ndo urithi ulipokatwa, na dada yako wa uhasibu amekwama hapo. Unaweza pia kupita kwenye Advanced ya folda (Properties, kisha Security), pale pa "Effective Access", unaandika jina la mtu na mfumo unakuonyesha anaweza nini na hawezi nini. Hicho kidirisha tu kinafanya Windows iwe mbele ya Google Drive kwenye kutafuta tatizo.

Kitu kinachowachanganya watu wengi kwenye Windows ni kataza (Deny), yaani tiki ya kumzuia mtu wazi wazi. Watu wanaamini kataza inashinda siku zote. Sio kweli. Mpangilio ni huu: kataza ya mkono, halafu ruhusu ya mkono, halafu kataza ya kurithi, mwisho ruhusu ya kurithi. Kwahiyo kama folda ya juu umeweka kataza afu huko chini mtu kaweka ruhusu kwa mkono, ile ruhusu inapita. Mimi kataza situmii kabisa, nikitaka mtu asiingie namwacha nje ya grupu, basi.

SharePoint ni rahisi zaidi kuelewa kichwani kwa sababu kwenye folda hakuna hiyo kataza, ruhusa ipo au haipo. Inashuka kutoka saiti (eneo la idara au timu) kwenda laibrari (kabati la nyaraka ndani yake), kwenda folda, kwenda faili. Mtu akisema haoni, unaingia kwenye ruhusa za laibrari unabonyeza "Check Permissions", unaandika jina lake na inakujibu ana kiwango gani na kakipata kupitia grupu lipi. Ni hicho tu, na kwa ofisi nyingi kinatosha. Utakutana na neno Limited Access, lisikutishe, hiyo SharePoint inajiwekea yenyewe juu ukimpa mtu faili moja la ndani ili aweze kulifikia, haimpi kuona mengine. Ila hapo hapo ndo anapopiga simu kwamba haoni, maana akiingia kwenye laibrari hakuti folda, inabidi atumie linki aliyotumiwa. Hakuna kilichoharibika, mpe linki.

Google Drive hapa iko nyuma, niseme ukweli. Hakuna pa kuandika jina la mtu ukaambiwa mnyororo mzima wa ruhusa zake. Unafungua sehemu ya kushea ya folda unasoma orodha, ukiona haieleweki unapanda folda ya juu unasoma tena. Afadhali tu ni kwamba mnyororo wenyewe kawaida ni mfupi.

Nextcloud, kwa wanaoendesha wenyewe, folda za timu zikiwashwa ruhusa za kina unapata hali tatu kwa kila kitu: rithi, ruhusu, kataza. Na kuna amri ya occ groupfolders:permissions ambayo ukiiongezea --user na --test inakuambia mtu fulani kwenye njia fulani anapata nini. Nzuri sana, ila inataka mtu asiyeogopa dirisha jeusi. Kumbuka sheria yake iko kinyume na mazoea ya Windows, mtu akiwa kwenye magrupu mawili, moja limeruhusiwa na jingine limekatazwa kwenye folda hiyohiyo, ruhusu ndo inashinda. Mtu aliyetoka kwenye Windows anaweka kataza kwa grupu la Wafanyakazi akidhani kafunga, kumbe yule wa Uhasibu anapita kwa grupu lake. Na kama ile folda ya timu yenyewe, kule kwenye mipangilio ya admini, umeinyima ruhusa fulani, huwezi kuirudisha huku chini kwa hizi ruhusa za kina, utabonyeza ruhusu mpaka uchoke.

Mtu anaona asichotakiwa kuona

Hili ndo la kuogopa, kwa sababu asiyeona atakupigia simu, anayeona asichotakiwa hakupigii. Na sio suala la aibu tu sasa hivi, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao tangu 2019, taarifa za mishahara na za wagonjwa zikivuja kwa sababu ya folda kurithi vibaya, huwezi kusema ni kompyuta.

Kwenye Windows mtego wa kwanza ni kutengeneza folda moja kwa moja kwenye mzizi wa diski. Diski D kwa kawaida ina grupu la Users lenye kusoma na linashuka kote, kwahiyo ukitengeneza D:\Mishahara na kuishea bila kugusa NTFS, kila mwenye akaunti anarithi kusoma. Wa pili ni pale unapokata urithi na mfumo unakuuliza unataka kuzibadili ruhusa zilizorithiwa ziwe za hapo hapo au uzifute. Watu wanachagua kuzibadili maana inaonekana ndo salama, afu wanafunga dirisha wakiamini wamefunga folda. Hujafunga kitu! Umekata kamba tu, magrupu yote yaliyokuwa yanashuka bado yamekaa pale pale, inabidi uyatoe kwa mkono.

SharePoint ina mtego huohuo na naona unaumiza zaidi. Ukisimamisha urithi, ruhusa za juu zinakopiwa, ikiwemo grupu la Members la saiti. Leo folda ina watu watano unaowajua, keshokutwa mtu wa mapokezi anaongezwa kwenye Members ili aone fomu za likizo, na anaingia mpaka kwenye folda uliyodhani umeitenga. Dawa ni kulitoa grupu la Members pale kwenye folda na kuweka grupu lake jipya.

Na linki. Kwenye SharePoint mtu wa kawaida akibonyeza Share na kumtumia mwenzake linki, faili hilo linapata ruhusa zake za pekee na linaacha kufuata folda mama sawasawa. Fikiria ofisi ya watu 60 wanashea kila siku, baada ya mwaka una maelfu ya mafaili yenye ruhusa za pekee na hakuna anayejua. Microsoft wenyewe wameweka kikomo cha ruhusa za pekee 50,000 kwa laibrari moja na wanashauri usipite 5,000. Halafu folda au laibrari ikishazidi vitu 100,000 huwezi tena kukata urithi wake wala kuurudisha, kwahiyo huu usafi unafanywa mapema wakati vitu bado vichache. Mwambie admini abadilishe linki inayotoka yenyewe iwe ya watu maalum badala ya kila mtu kwenye shirika. Na kama ofisi yenu imeanza kutumia Copilot (msaidizi wa AI wa Microsoft) fanyeni hili wiki hii, kwa sababu Copilot inafuata ruhusa zilizopo, yaani kile ambacho mtu alikuwa na ruhusa nacho bila kujua, sasa akiuliza swali kinamjia mezani.

Google Drive hapa inategemea uko upande gani, Shared drive (hifadhi ya shirika yenye wanachama wake) au My Drive (ya mtu binafsi). Shared drive ilijengwa na wazo moja tu, ruhusa zinaongezeka zikishuka, hazipungui. Mwanachama wa drive nzima anaona kila kitu ndani. Siku hizi unaweza kuifanya folda iwe ya watu wachache ndani ya Shared drive, na anayeweza kufanya hivyo ni meneja wa drive, ila kwa ofisi ndogo mimi bado nashauri utengeneze drive mbili, ya Wote na ya Uhasibu, kuliko kuanza kuficha folda ndani ya drive ya wote. Ukija baada ya mwaka kutafuta tatizo, unasoma orodha mbili za wanachama, umemaliza. Kwa kweli huo urahisi ndo nguvu kubwa ya Google, inakulazimisha upange kwa upana badala ya kuchimba chini.

My Drive ya mtu binafsi kuitumia kama makabati ya ofisi ni hatari, folda moja ya juu ikiwekwa "yeyote mwenye linki" basi kila kinachodondoshwa humo baadaye nacho kinakuwa wazi.

Faili limehamishwa

Windows ina tabia ambayo kila mtu wa IT anatakiwa alale nayo kichwani. Ukikopi faili, linachukua ruhusa za folda linakoenda. Ukilihamisha kwenda diski nyingine, vilevile. Lakini ukilihamisha ndani ya diski hiyohiyo, kanuni ya NTFS ni kwamba linabaki na ruhusa lilizotoka nazo. Kwahiyo bosi anavuta barua ya onyo ya mfanyakazi kutoka folda ya Wote kwenda folda ya Utumishi, anaamini imefichwa, na kumbe inasomeka na yeyote anayejua njia yake. Cha kuchanganya zaidi, siku ukibadili ruhusa yoyote kwenye folda ya Utumishi, urithi unasambazwa upya na lile faili linanyooka lenyewe, kwahiyo unapokuja kuchunguza unakuta kila kitu kiko sawa na huelewi watu walilisomaje. Baada ya kuhamisha vitu nyeti piga icacls kwenye faili lenyewe, sio kwenye folda.

Google Drive hapa inashinda bila ubishi, faili likihama linaacha urithi wa zamani linachukua wa folda mpya, na linabaki tu na wale waliopewa moja kwa moja kwa majina yao. SharePoint na Nextcloud, zoea kukagua faili lenyewe baada ya kuhamisha, inachukua dakika moja.

Mfanyakazi akiondoka

Windows ukifuta akaunti yake, kwenye orodha za ruhusa inabaki namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, haina madhara ila inakuonyesha kwamba kuna mtu alikuwa anapewa ruhusa kwa jina badala ya kwa grupu. SharePoint, vilivyo kwenye saiti vinabaki, ila vya kwenye OneDrive yake (hifadhi yake binafsi) mipangilio ya kawaida inavihifadhi siku 30 tu baada ya akaunti kufutwa. Google, vya Shared drive ni mali ya shirika havitikisiki, vya My Drive inabidi uhamishe umiliki kabla hujafuta akaunti, na ukishaifuta una siku 20 za kuirudisha.

Sasa uchague ipi

Kama ofisi ni ya watu chini ya 20, hakuna mtu wa IT wa kudumu na intaneti inaaminika, nenda Google na Shared drive, moja kwa kila kundi la watu, na kabla hujalipa hakikisha mpango unaochukua unazo maana sio mipango yote inazo. Utapoteza kile kidirisha cha kuuliza jina la mtu lakini hutakihitaji sana.

Ofisi yenye idara, mikataba, watu wanaohama idara kila mara na ukaguzi kila mwaka, chukua SharePoint, ila kwa sharti kwamba mipaka inawekwa kwenye saiti na laibrari. Uhasibu wawe na saiti yao, Utumishi yao. Ukianza kukata urithi folda kwa folda humo ndani, ndani ya miaka miwili utakuwa na fujo kuliko ile uliyoikimbia kwenye seva ya zamani.

Windows Server baki nayo kama una mtu anayejua kusoma zile (I) na (OI), au kama mko sehemu ambayo intaneti ikikatika kazi inasimama. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Dar tulikaa na mtandao wa kusuasua na ofisi zenye seva ndani ziliendelea kufungua mafaili yao kama kawaida. Nextcloud nayo inakupa hilo la kukaa ndani ya ofisi bila kulipia leseni za Windows, ila naipendekeza tu pale ambapo kuna mtu wa Linux anayelipwa kuiangalia, sio kijana wa kujitolea ambaye Juni anaondoka.

Yoyote utakayochagua, kama unatoka kwenye seva ya Windows chukua picha ya ruhusa kwanza: icacls D:\Data\Uhasibu /save C:\hifadhi\uhasibu.txt /T. Likiharibika unarudisha kwa icacls D:\Data /restore C:\hifadhi\uhasibu.txt, na angalia vizuri hapo kwenye kurudisha unataja folda ya juu yake, D:\Data, sio Uhasibu yenyewe, wengi wanakwama hapo. Na ile icacls yenye /reset usiipige kwenye mti mzima kabla hujajua folda zipi zilikatwa makusudi, maana inafanya kilekile ilichofanya ile tiki yangu.

Halafu tengeneza akaunti moja ya majaribio, iweke kwenye grupu la Wafanyakazi peke yake, ingia nayo kwenye mfumo mpya kwa kompyuta ya pembeni na utembee folda zote ukiwa na yule dada wa uhasibu, yeye ndo anajua kipi hakitakiwi kuonekana kuliko mimi na wewe. Andika kwenye kisanduku cha kutafuta neno "mshahara" na neno "mkataba". Kikija kitu chochote ambacho yeye anakunja uso akikiona, usihamishe watu bado.